Buti fupi za enzi za Malkia Victoria na wajukuu zake: ya lastiki, ya kamba au ya vifungo, uchukue ipi?

Watu wakiuliza buti gani ya ngozi wanunue huwa wanaanza na rangi, mara nyeusi mara kahawia, alafu wanahamia kwenye brandi, na mwisho kabisa ndo wanaangalia inavyofungwa. Mi naona ilitakiwa iwe kinyume. Buti fupi, yani zile zinazoishia kwenye kifundo cha mguu au juu yake kidogo, karibu zote unazoziona leo dukani na kwenye mitumba zimetoka kwenye familia tatu zilizokomaa Uingereza wakati wa Malkia Victoria (1837 mpaka 1901), na kinachozitofautisha hasa ni njia ya kuingiza mguu. Moja ina lastiki pembeni, moja ina kamba mbele, moja ina vifungo. Ukishajua mguu wako na shughuli zako zinataka ipi, hayo ya rangi na ncha utayamaliza dukani kwa dakika mbili.

Kwanza kwanini buti na sio kiatu cha kawaida. London ya wakati ule ilikuwa inaenda kwa farasi, maelfu kwa maelfu kila siku barabarani, na farasi hana choo maalum, kwahiyo njia zilikuwa matope yaliyochanganyika na kinyesi na masizi ya makaa ya mawe, ukitoka na kiatu cha wazi unarudi umechafuka mpaka soksi. Wanawake wenye uwezo mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wanavaa viatu vyepesi vya bapa, soli nyembamba kabisa, nje vilikuwa havifai kitu. Alafu mwaka 1856 ikaja ile fremu ya chuma ya kuvimbisha sketi, krinolini, ambayo mtu akitembea sketi inabembea huku na huku na kifundo cha mguu kinaonekana, na kwa maadili ya enzi zile kifundo cha mwanamke kuonekana ilikuwa habari ya mjini. Buti ikapata kazi mbili kwa mpigo, kuzuia matope na kusitiri kifundo.

Na usifikiri zote zilikuwa ngozi tupu. Nyingi za wanawake zilikuwa na ngozi chini tu, pale panapokutana na uchafu, na juu kitambaa kizito, maana ni nyepesi na bei inapungua. Ukiona leo buti ya staili ya zamani yenye ngozi chini na kitambaa juu usiseme muuzaji amekuibia ngozi, wamerudia kilekile cha mwanzo.

Ya lastiki

Hii leo kila mtu anaiita Chelsea. Aliyeianzisha ni Joseph Sparkes-Hall, fundi viatu wa Malkia Victoria, duka lake lilikuwa Regent Street, London. Pea ya kwanza alimpelekea Malkia mwaka 1837, mwaka uleule alioingia madarakani, na mwaka 1840 akaikatia hataza, yani haki ya uvumbuzi. Wazo lilikuwa rahisi tu, kuvaa na kuvua kiatu bila kuhangaika na kamba, shida ikawa mpira. Mpira wa wakati ule ukipata joto unanata, ukipata baridi unakakamaa na kupasuka, mpaka nyaya za chuma alijaribu. Kilichookoa jahazi ni ugunduzi wa Charles Goodyear kule Marekani wa kupika mpira pamoja na salfa, aliupata 1839 na hataza akapewa 1844, hapo ndo lastiki ikaanza kuvutika na kurudi kama inavyotakiwa. Malkia alizipenda kweli, alikuwa anazivaa kutembelea, na Sparkes-Hall hakuacha kuwatangazia watu hilo, maana hakuna tangazo la biashara linalozidi mguu wa Malkia.

Miaka ya 1850 na 1860 zikawa za kila mtu, wanaume kwa wanawake. Kisha zikaporomoka, na sababu yake bado ipo mpaka leo kwenye kila Chelsea unayoishika: lastiki inachoka kabla ya ngozi. Kuelekea mwisho wa karne zikaonekana viatu vya wazee. Kilichozibeba ni wapanda farasi na Australia. Kampuni ya Blundstone ilianza Hobart, Tasmania, mwaka 1870, na ya R.M. Williams ikaanza Adelaide mwaka 1932, hawa wa pili buti yao inakatwa kwenye kipande kimoja cha ngozi na mshono uko nyuma tu, na kule zilikuwa kiatu cha shambani na cha ng'ombe, hakuna aliyekuwa anawaza fesheni. London nayo ikazirudia mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa vijana wa King's Road mtaa wa Chelsea, na mwaka 1961 bendi ya The Beatles wakaagiza zao kwa mafundi viatu Anello & Davide zikiwa zimepandishwa kisigino, baada ya hapo zikatapakaa dunia nzima.

Sasa ukiikamata Chelsea mkononi, iwe Kariakoo, iwe Karume kwenye mitumba au Gikomba kule Nairobi, usianze kuangalia kung'aa kwa ngozi, kiwi inaficha mengi. Ingiza vidole viwili ndani, vuta lastiki mpaka mwisho wake alafu achia ghafla. Ikirudi papo hapo na kulala sawa na ngozi, nzima hiyo. Ikirudi kivivu na kubaki na mawimbi, imekufa, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni grade one. Kisha ipinde uangalie kwa ndani kwenye mwanga, ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza ujue nyuzi za mpira zimeshakatika na kilichobaki ni kitambaa tu. Buti ya hivyo mguu unaingia bila shida, ila ukitembea inakuwa inapanda na kushuka kisiginoni na utapata malengelenge hiyohiyo siku ya kwanza.

Kuibadilisha inawezekana ila sio kazi ya kila fundi wa pembeni ya barabara. Lastiki imebanwa katikati ya ngozi ya nje na bitana, kwahiyo fundi inabidi afumue pande zote, akate mpya kwa umbo lilelile, arudishe na ashone kupitia matundu yaleyale ya zamani, maana akitoboa mapya pembeni ngozi inachanika kama stempu. Na anahitaji cherehani ya viatu yenye mkono mwembamba inayoingia ndani ya buti. Lastiki yenyewe pia sio hii ya kushonea sketi, hiyo ni laini sana, wiki chache imelegea. Kama fundi wako hana cherehani hiyo na hana lastiki nzito, usimwachie buti.

Ya kamba

Hapa ndo penye utamu, na ndo watu wengi wanakosea kununua, kwasababu "buti ya kamba" sio kitu kimoja. Zipo za aina mbili na zinatoshea miguu tofauti kabisa.

Ya kwanza inaitwa Balmoral, jina la kasri la Uskoti ambalo Prince Albert, mume wa Victoria, alilinunua 1852. Inasemekana yeye ndo aliyetaka buti ya kutembelea kule milimani ambayo bado inaonekana ya kistaarabu. Ya pili ni ile iliyopewa jina la Blücher, jenerali wa Prussia aliyekuwepo vita ya Waterloo 1815, na siku hizi wengi wanaiita Derby. Kuzitofautisha angalia chini kabisa pale kamba inapoanzia. Kama zile mbawa mbili za ngozi zenye matundu zimeingia chini ya ngozi ya mbele na zimeshonwa zikafungwa pamoja, hiyo ni Balmoral, ukifungua kamba inaachia mwanya mdogo wa V tu. Kama mbawa zimeshonwa juu ya ngozi ya mbele na zinafunguka kama milango miwili mpaka ulimi unaonekana wote, hiyo ni Derby.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho ila kwa mguu ni kubwa sana. Mwenye mguu uliopanda juu, yani mgongo wa mguu umeinuka, akivaa Balmoral zile mbawa hazikutani, zinabaki wazi na kamba zinabana mpaka damu haipiti, alafu atasema buti ni ndogo ataenda kuchukua saizi kubwa zaidi, na hiyo saizi kubwa itampwaya kisiginoni. Saizi haikuwa na tatizo. Huyo anatakiwa Derby, basi. Mwenye mguu mwembamba na bapa akivaa Derby anakaza mpaka mbawa zinagongana na bado mguu unacheza ndani, huyo Balmoral itamkaa vizuri sana na itapendeza kuliko zote na suti, kwasababu pale mbele ni pasafi hapana mikunjo mingi. Wauzaji wengi hawakwambii haya, wengine hawajui, ukimuuliza Balmoral anakuletea yoyote yenye kamba.

Miguu yetu mingi, hasa sisi tuliokulia ndala na kutembea peku, imetanuka mbele. Mtu wa hivyo asisumbuke, Derby tu. Na cha ajabu historia imekubaliana na miguu mipana, maana Balmoral imebaki kwenye maofisi na maharusi wakati Derby ndo imezaa karibu kila buti ya kazi na ya jeshi unayoijua.

Mfano mzuri ni Dr. Martens. Klaus Maertens alikuwa daktari wa jeshi la Ujerumani, mwaka 1945 akaumia kifundo akiteleza kwenye theluji, akaona buti za jeshi zinamtesa, akatengeneza soli yenye hewa ndani, baadae akashirikiana na rafiki yake Herbert Funck wakaanza kuuza. Waingereza wa kampuni ya Griggs, kijiji cha Wollaston karibu na Northampton, wakanunua haki ya kuitengeneza, wakaweka juu yake buti ya kamba ya Derby yenye matundu manane kila upande na ule uzi wa njano, ikatoka tarehe 1 Aprili 1960, ndo maana modeli inaitwa 1460. Yani soli ni ya Kijerumani ya karne ya 20, ila kilichokaa juu ya soli ukimpa fundi wa Northampton wa mwaka 1880 angeitambua bila kuuliza, labda angeshangaa kidogo huo uzi. Mwanzoni ilikuwa ya maposta na watu wa viwandani, baadae vijana wa panki wakaichukua na haijatoka tena mtaani.

Kuna na binamu yake mfupi mwenye matundu mawili tu kila upande, Desert Boot ya Clarks. Nathan Clark aliona maofisa kule Burma wakati wa vita ya pili ya dunia wamevaa buti za suedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini, walizonunua bazaa la Cairo, zina soli ya mpira wa krepu, akaichukua staili akaipeleka sokoni mwaka 1950. Huyu siwezi kusema ni mtoto wa Victoria moja kwa moja, ila mbawa zake zinafunguka kwa mtindo uleule wa Derby, na ndugu yake tunaye jirani, safari boots za Bata za kule Limuru. Kwa hali ya hewa ya kwetu hii ndo buti ya kamba ninayomshauri mtu kwanza kabla ya kwenda kwenye manene: nyepesi, inapumua, kamba unafunga mara moja tu. Ubaya wake suedi na tope haviongei kabisa, msimu wa mvua iache ndani.

Ya vifungo

Hii ndo inayopendeza kwenye picha na ndo inayotesa zaidi kuvaa. Miaka ya mwisho ya Victoria mpaka karibu na vita ya kwanza ya dunia, buti ya mwanamke wa mjini ilikuwa na safu ya vifungo upande wa nje, vidogo vya duara, kumi na kitu hivi, na ukingo wa ngozi unaovishikilia umekatwa mawimbi mawimbi. Wanaume nao walivaa. Kwa kidole huvifungi, ngozi imebana na kifungo ni kidogo mno, kwahiyo kila nyumba ilikuwa na ndoano maalum, chuma chembamba kilichopinda ncha na mpini wa mfupa au wa fedha, unapenyeza kwenye tundu, unanasa kifungo, unavuta na kuzungusha mkono. Rudia kila kifungo, kisha mguu wa pili. Halafu asubuhi umechelewa kazini.

Hiyo ndoano nayo ina historia yake ya pembeni ambayo haipendezi: pale Ellis Island, New York, kituo cha wahamiaji kilichofunguliwa 1892, maofisa wa afya walikuwa wanaitumia kupindua kope za wageni wakitafuta ugonjwa wa trakoma. Watu wengi walioingia Marekani kipindi kile kumbukumbu yao ya kwanza ni chuma cha kufungia buti kikiwa jichoni.

Faida moja vifungo vilikuwa nayo ambayo hakuna mwingine anayo, unaweza kuvisogeza. Mguu ukinenepa au kifundo ni chembamba unakata uzi unashona kifungo kiende mbele au kirudi nyuma, buti inakaa mwilini kama imeshonewa wewe. Ndo maana kwenye picha za zamani zinaonekana zimebana kifundo vizuri vile bila mkunjo. Kamba haifiki hapo, lastiki ndo kabisa.

Ila mateso ya kufunga ndo yakazaa kitu kikubwa kuliko buti yenyewe. Mwaka 1893 Mmarekani Whitcomb Judson akakata hataza ya kifaa cha kufungia viatu kwa kuteleza, akakipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka uleule, na lengo lake lilikuwa buti hasahasa. Hakikufanya kazi vizuri, kilikuwa kinafunguka chenyewe. Gideon Sundback akakitengeneza upya mwaka 1913, na kampuni ya B.F. Goodrich ikakiweka kwenye viatu vya mpira vya kuvaa juu ya viatu mwaka 1923. Ndiyo zipu hiyo. Kwahiyo ile buti ya kike ya zipu pembeni unayoivaa leo kwenda ofisini ni mjukuu halali wa buti ya vifungo, hata kama haina kifungo hata kimoja.

Leo vifungo vingi ni urembo, zipu imejificha upande wa ndani. Miaka ya 1960 na 1970 wasichana wa London na Marekani walizirudisha buti za mtindo wa bibi, za kamba na za vifungo, na mpaka sasa watu wa mitindo ya goth (mavazi meusi) na steampunk (mavazi ya kizamani) wanazipenda. Ukinunua hizi usisumbuke na vifungo, kagua zipu. Ivute taratibu mpaka juu huku umepinda buti kidogo pale kwenye kifundo, maana hapo ndo inapokatika meno. Na mi kwenye buti napendelea zipu ya chuma kuliko ya plastiki. Kama unanunua ya kale kweli, ya karne ya 19, nunua ya kuweka kwenye kabati. Ngozi ya miaka ile imeshakauka, ukiivaa inapasuka pale vidole vinapokunjika, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Alafu ilikatwa kwa mguu mwembamba, na ukirudi nyuma zaidi viatu vingi vilikuwa havina hata kushoto na kulia, pea nzima imenyooka.

Tukiziweka bega kwa bega

Kuvaa na kuvua, lastiki inashinda na wala sio mbio za karibu. Na kwa mtu wa pwani au mtu yeyote anayevua viatu mlangoni kila anapoingia nyumba ya watu, au anayeingia msikitini mara tano kwa siku, hii sio starehe ni hoja ya kwanza kabisa. Umevaa Dr. Martens ya matundu manane umekaribishwa ndani, wenzako wote wameshakaa kwenye mkeka chai imemiminwa, wewe bado umeinama barazani unapambana na kamba. Kutoka hivyohivyo. Watu wa hivi wachukue Chelsea, au ya zipu, tena wachague yenye vitanzi viwili vya kuvutia, mbele na nyuma, kitanzi kimoja kinang'oka mapema.

Kukaa mguuni, kamba inashinda, Derby hasa. Inakufuata mguu ukivimba jioni, ukivaa soksi nene, ukivaa nyembamba. Chelsea haikupi nafasi ya kurekebisha, inakutosha au haikutoshi, na mwenye vifundo vyembamba sana atakuwa na mwanya pembeni hata lastiki ikiwa mpya. Mwenye vifundo vinene naye lastiki itakuwa imevutika muda wote, na lastiki inayoshinda imevutika inakufa haraka.

Maji. Hapa watu wanadanganyana. Hakuna kati ya hizi tatu ambayo ni gambuti. Ila Chelsea haina tundu lolote mbele, maji yanaingilia kwenye lastiki ya pembeni ambayo haifiki chini kabisa kwenye soli, kwahiyo kwa dimbwi dogo iko vizuri. Derby ulimi wake ukiwa umeshonwa pembeni mpaka juu nayo inajitahidi, ukiwa umeachwa huru maji yanapita kama kwake. Balmoral iko katikati. Ya zipu ndo dhaifu kuliko zote, maji yanapenya kwenye meno moja kwa moja. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini kwenye theluji na ile chumvi wanayomwaga barabarani, mi ningesema kamba na ngozi nene, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu kila ukirudi, chumvi ikikaukia kwenye ngozi inaacha mstari mweupe na inaikausha mpaka inapasuka.

Joto, zote zinatoa jasho, tusidanganyane. Chagua yenye bitana ya ngozi badala ya ya kitambaa cha plastiki, na usivae pea moja siku mbili mfululizo, iache ipumzike ikauke. Kama uko Dar mwezi wa pili na hulazimiki, vaa moka. Buti fupi ni za Njombe, Mbeya, Arusha asubuhi, Limuru, Nairobi mwezi wa saba, au za mtu wa pikipiki anayelinda kifundo.

Matengenezo, kamba tena. Kamba ikikatika unanunua nyingine kwa mmachinga papo hapo. Zipu fundi yeyote mwenye cherehani anabadilisha. Lastiki nimeshaeleza habari yake.

Soli usiisahau

Hili halina familia, linazihusu zote tatu, na linaamua kama buti utaivaa miaka miwili au kumi na tano. Enzi za mwanzo wa Victoria soli ilishonwa kwa mkono. Mwaka 1858 Mmarekani Lyman Blake akatengeneza mashine ya kushona soli moja kwa moja mpaka ndani ya kiatu, ikatumika sana kwenye buti za wanajeshi wa kaskazini vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Kisha miaka ya 1870 ikaja mashine ya Charles Goodyear mtoto, mtoto wa yule wa mpira, inayoshona kwanza ukanda mwembamba wa ngozi kuzunguka buti alafu soli inashonwa kwenye huo ukanda. Mpaka leo viwanda vya Northampton kama Church's, Crockett & Jones na Tricker's vinashona hivyo. Uzuri wake soli ikiisha fundi anafumua mshono wa nje tu anaweka nyingine bila kugusa mwili wa buti.

Dr. Martens ina ukanda huo ila soli imeunganishwa nao kwa moto, sio kwa uzi wa kawaida, kwahiyo ikiisha fundi wa mtaani ana kazi. Chelsea nyingi za bei rahisi soli ni gundi tu. Na zile soli nyepesi za povu la poliyurethani zina ugonjwa wake, zikikaa muda mrefu stoo kwenye joto na unyevu zinaoza kimyakimya, unanunua mtumba unang'aa kama mpya, unatembea nusu saa soli inamomonyoka vipande vipande nyuma yako. Ibonyeze kwa ukucha kabla hujalipa. Ikiacha alama isiyorudi au ikitoa unga, rudisha juu ya meza.

Mi binafsi, pesa ikiwa ya buti moja tu, nachukua Derby iliyoshonwa, kahawia iliyoiva, matundu sita. Pesa ikiwa ya mbili ndo naongeza Chelsea kwa ajili ya kwenda kwa watu. Dada anayetaka kisigino na muonekano wa kizamani achukue ya kamba yenye zipu ndani, anafunga kamba siku ya kwanza kwa kipimo cha mguu wake, baada ya hapo ni zipu tu, anapata mazuri ya pande mbili. Balmoral namwachia bwana harusi mwenye mguu mwembamba.

Ukiagiza mtandaoni pima mguu jioni, sio asubuhi, umesimama, na soksi utakayovaa nayo. 1460 huwa zinakuja saizi nzima tu hazina nusu, na namba ya kipimo cha Uingereza sio namba ya Marekani, nane ya Uingereza ni kama 42 yetu. Kwa Chelsea ukijikuta katikati ya saizi mbili bora uachane nayo utafute kampuni nyingine yenye nusu, kwasababu ya kamba unaweza kukaza au kulegeza ila Chelsea ikipwaya imepwaya.